Huyu mtaalamu ni wa nani?

Kazi za gazetini zimenibana, ndiyo maana nimekuwa kimya. Leo nimerudi na jambo linalonisuta, na naona bora niliseme hapa kuliko kuendelea kulibeba peke yangu.

Mwaka juzi mhariri wangu alinituma kwenye kijiji kimoja kinachopakana na hifadhi. Tembo walikuwa wameingia mashambani usiku na mahindi yamekwisha. Nilikuwa na posho ya siku moja, kwa hiyo nikafanya kile ambacho waandishi wengi tunafanya tukiwa na posho ya siku moja: nikamtafuta mtaalamu. Nikampata kijana mwenzangu, msomi wa wanyamapori, yuko kwenye mradi wa utafiti. Ana ramani, ana takwimu, anaongea vizuri. Nikaandika, habari ikatoka.

Kabla sijapanda gari kurudi mjini nilimwamkia mzee mmoja aliyekuwa amekaa nje ya ofisi ya kijiji. Akaitikia marahaba, kisha akaniuliza: "Mwanangu, yule mtaalamu uliyekuwa unaongea naye ni wa nani?" Nikamjibu kwamba ni wa mradi. Akasema, "Hilo nalijua. Ana miaka mitatu hapa anahesabu tembo. Sisi hajatuuliza hata siku moja tungependa ahesabu nini."

Nilicheka kwa adabu, nikaondoka. Maneno yake hayakuingia kwenye habari yangu, hata mstari mmoja.

Swali lile limenirudia hivi karibuni nilipokuwa nasoma kuhusu watu wanaoitwa Wayurok. Hawa ni wenyeji wa asili wa kaskazini mwa California, Marekani. Ardhi yao iliyotengwa ni ukanda mwembamba wa maili moja kila upande wa mto Klamath, kuanzia pale mto unapoingia baharini. Wana serikali yao, baraza lao na mahakama yao. Na wana kitu ambacho mimi sikuwahi kufikiria kwamba kabila linaweza kuwa nacho: idara yao ya wanyamapori, yenye wanabiolojia walioajiriwa na kabila lenyewe.

Mwaka 2003 wazee wa Kiyurok walikaa kujadili swali moja. Kati ya viumbe vyote vya nchi kavu vilivyotoweka kwao, kipi kirudishwe kwanza? Wakachagua kondori wa California. Huyu ni ndege wa jamii ya tumbusi, anakula mizoga, na akifungua mabawa anakaribia mita tatu. Kwa Wayurok manyoya yake hutumika katika ngoma za ibada, na wanaamini yeye ndiye hupeleka maombi yao juu. Ndege huyu nusura atoweke duniani kabisa. Mwaka 1982 walikuwa wamebaki 22 tu, na mwaka 1987 wa mwisho aliyekuwa huru alikamatwa ili wote wazalishwe kwenye bustani za wanyama.

Angalia mpangilio ulivyokuwa. Wazee walitoa swali, ndipo sayansi ikaitwa kulijibu. Idara ya wanyamapori ya kabila ilianzishwa mwaka 2008. Anayeiongoza, Tiana Williams-Claussen, ni binti wa Kiyurok aliyekwenda kusoma Harvard kisha akarudi nyumbani kufanya kazi hiyo. Na si suala la damu tu, maana kabila huajiri pia wanabiolojia wasio Wayurok.

Kazi yenyewe haikuwa lelemama. Kabla ya kuleta hata kondori mmoja ilibidi wajue kama nchi yao bado inafaa. Wakakamata tumbusi na kunguru wakubwa wa eneo hilo, ndege ambao nao hula mizoga, wakawapima damu kuangalia kiasi cha madini ya risasi. Kwa nini risasi? Hapa Kiswahili chetu kinaeleza jambo lote kwa neno moja: madini ni risasi, na kile kinachotoka kwenye bunduki ni risasi. Mwindaji anapiga paa, anamtoa matumbo na kuyaacha porini. Risasi iliyompiga imesambaratika vipande vidogo vidogo. Kondori anakuja kula matumbo yale na kumeza vipande hivyo. Sumu inaingia kwenye damu, mfumo wa kusaga chakula unasimama, na ndege anaweza kufa njaa huku tumbo limejaa.

Sasa fikiria wewe ndiye mwanabiolojia huyo. Anayeacha yale matumbo porini anaweza kuwa mjomba wako. Wayurok wenyewe ni wawindaji, wanakula paa na wanagawiana nyama. Utamwambiaje mjomba kwamba risasi yake inaua ndege anayepeleka maombi yake? Walichofanya ni kukaa na wawindaji kwa miaka, kuwaonyesha risasi za shaba zisizo na sumu, na kuzungumza nao kama watunzaji wa pori badala ya wahalifu. Jimbo la California nalo lilikuja kupiga marufuku risasi za madini hayo kwa uwindaji wote kuanzia Julai 1, 2019. Lakini sheria iko kwenye karatasi, na mjomba yuko porini. Kinachofika kwake ni neno la mtu anayemwamini.

Tarehe 3 Mei 2022 kondori wawili wa kwanza waliachiwa huru, baada ya zaidi ya miaka mia moja bila ndege huyo kuonekana katika anga ya Wayurok. Wengine wakafuata. Kisha Januari 2025 mmoja wao, ndege mchanga, akafa kwa sumu ya risasi. Ndani ya mwili wake kulikutwa kipande cha risasi ya bunduki ya upepo. Kondori hutaga yai moja tu kwa wakati, na huchukua miaka kadhaa kabla ya kuanza kuzaa, kwa hiyo kifo cha mmoja ni pigo. Mtafiti wa mradi angeandika ripoti na kurudi kwao. Mtaalamu aliyeajiriwa na jamii anakwenda kuwaeleza wazee uso kwa uso, na kesho yake anaanza tena mazungumzo na wawindaji.

Najua wapo watakaosema: mwanasayansi akilipwa na jamii si atasema yale ambayo jamii inataka kusikia? Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini mbona hatuiulizi tunapomwona analipwa na serikali, au na mfadhili wa Ulaya, au na kampuni ya uwindaji? Kila mtaalamu ana anayemlipa. Vipimo vya damu ni vilevile, awe amelipwa na nani. Kinachobadilika ni swali gani linaulizwa, na majibu yanapelekwa kwa nani kwanza.

Wengine watasema wale wana hela. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya fedha za kazi kama hizi hutoka serikali kuu na kwa wafadhili. Tofauti ni nani anayeajiri na nani anayepanga kazi. Na nafasi hiyo hawakupewa kama zawadi. Mwaka 1974, katika jimbo la Washington, Jaji George Boldt aliamua kwamba mikataba ya karne ya 19 inayapa makabila ya huko haki ya nusu ya samoni wanaoweza kuvuliwa, na kwamba yasimamie uvuvi huo pamoja na serikali ya jimbo. Baada ya hapo makabila yalihitaji wanabiolojia wao, kwa sababu huwezi kwenda kwenye meza ya kugawana samaki wakati takwimu zote ni za mwenzako.

Turudi nyumbani. Kwetu sheria ya wanyamapori ya 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, na hatuna mikataba kama ile. Sisemi tunakili. Lakini tuna jumuiya za hifadhi za vijiji, zile WMA, na baadhi zinapata mapato ya utalii na zinaajiri askari wa vijiji. Kwa nini vijiji vitano au sita vya jumuiya moja visichange vikaajiri mhitimu mmoja wa wanyamapori? Mtu ambaye bosi wake ni mkutano wa kijiji. Akiambiwa ahesabu magunia ya mahindi yaliyoliwa, ahesabu. Akiona wanakijiji wenyewe wanaweka sumu kwenye mizoga, awaambie bila kuwaficha, kwa sababu wanamjua na ataendelea kuonana nao. Vijana waliosoma fani hiyo SUA na Mweka wapo mtaani, wengine ni rafiki zangu, wanazunguka na vyeti kwenye bahasha wakisubiri serikali au mradi.

Itakuwa rahisi? Hapana. Mshahara utachelewa, mwenyekiti atataka kumweka mpwa wake, na siku takwimu zikikataa matakwa ya kijiji kutakuwa na kelele. Hata hivyo kelele hizo zitakuwa zetu, na zitapigwa mbele ya watu wanaohusika.

Mimi nina deni. Yule mzee alinipa habari bora kuliko niliyoandika, nami nikaiacha pale nje ya ofisi ya kijiji. Nimemwomba mhariri nirudi. Ameniambia hakuna bajeti. Basi nitakwenda likizo yangu, kwa nauli yangu, na safari hii nitaanza na mzee.

Nyie wadau mnasemaje? Hasa wewe uliyesoma wanyamapori: kijiji kikikuita, ungekwenda?