Wiki nane za mwanafunzi ni mtaji wa nani?

Msomaji wa ukurasa huu huanza kwa kutafuta bei: mpunga wa Ndungu umesimama wapi, tangawizi ya Mamba na Myamba inanunuliwaje, hisa zipi zimepanda na zipi zimelala. Wiki hii tunamwomba aangalie bidhaa moja isiyoonekana katika jedwali lolote la bei, ingawa Gonja huisafirisha kila mwaka vyuo vinapofunga kwa likizo ndefu. Bidhaa hiyo ni wiki nane za mwanafunzi anayekwenda kufanya mafunzo kwa vitendo, au fildi kama wenyewe wanavyoita, katika kampuni kubwa.

Tunaliuliza jambo hili kibiashara, wala si kwa kuomba huruma. Nani anatoa mtaji, nani anapata faida, na hesabu inafungwaje?

Kijana mmoja wa Gonja, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhasibu, alipata nafasi katika kiwanda kikubwa jijini Dar es Salaam. Wazazi wake ni wakulima wa mpunga na tangawizi. Barua ya kukubaliwa ilifika wakati bei ya tangawizi ikiwa chini, na kwa kuwa barua haingoji soko, magunia yaliuzwa hivyo hivyo ili ipatikane nauli, suruali mbili za ofisini na fedha ya kumfikisha kwa mjomba wake. Kila mfanyabiashara anajua maana ya kulazimika kuuza wakati mbaya. Hiyo ndiyo gharama ya kwanza, na haimo katika vitabu vya kiwanda.

Gharama ya pili ni mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kwa wale waliobahatika kupangiwa fungu hilo, imekuwa ikihesabu fedha ya mafunzo kwa vitendo hadi shilingi 10,000 kwa siku, kwa siku zisizozidi 56. Zidisha, utapata shilingi 560,000. Fedha hiyo ni deni. Tangu sheria ya Bodi iliporekebishwa mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi deni liishe. Kwa hesabu ya dukani, mwanafunzi anakopa ili apate nguvu ya kuifanyia kampuni kazi bila malipo. Hakuna mfanyabiashara wa Gonja ambaye angekubali masharti hayo bila kuuliza anapata nini.

Je, kijana wetu alipata nini? Wiki tatu za kwanza alitoa kopi, alipanga mafaili na kutumwa chai. Msimamizi wake hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anafunga hesabu za nusu mwaka na hakuwa na nafasi ya kumwelekeza mgeni. Katika wiki ya nne karani wa ghala alikwenda likizo, na kijana akapelekwa kukaa kwenye kiti chake.

Hapo ndipo masomo yalipoanza. Aliona kwamba hakuna lori linalopokelewa kwa macho. Linapimwa kwenye mizani likiwa na mzigo, linapimwa tena likiwa tupu, na tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo kilo zinazoandikwa. Kilo hizo hulinganishwa na hati ya mzigo aliyokuja nayo dereva, kisha na oda iliyotolewa na ofisi. Karatasi tatu zisipokubaliana, malipo hayatoki. Siku moja aligundua lori lililoandikwa mara mbili katika daftari la getini. Msimamizi, kwa mara ya kwanza, alivuta kiti akakaa naye hadi jioni kumwonyesha jinsi ya kufuatilia kosa la namna hiyo hadi mwanzo wake.

Kuanzia hapo hadi wiki ya nane kijana alifanya kazi ya karani. Mwenyewe aliporudi alikuta vitabu viko sawa. Kampuni haikuajiri kibarua wa muda, na kijana akaondoka na sahihi, muhuri na mkono wa kwaheri. Hata nauli ya daladala hakurudishiwa.

Ieleweke kwamba hatusemi fildi haina maana. Tunasema kinyume chake, nayo ndiyo hoja ya makala haya: mafunzo hayo yalikuwa na thamani kubwa, ila yalitokea kwa bahati. Karani asingekwenda likizo, mtaji wa familia ungeishia kwenye mashine ya kutolea kopi.

Thamani yake ilionekana aliporudi nyumbani. Swali lake la kwanza kwa baba yake lilikuwa: tangawizi yetu inauzwa kwa kilo au kwa gunia? Jibu wanalijua wote. Wanunuzi wengi hupenda lumbesa, gunia lililovimba na kuongezwa kilemba juu, likahesabiwa gunia moja. Sheria ya Vipimo hairuhusu mchezo huo. Ufungashaji wa mazao haupaswi kuzidi kilo 100, na mauzo yanatakiwa kwenda kwa uzito. Lakini sheria bila mizani shambani ni karatasi tu. Leo katika nyumba ile kuna daftari lenye safu nne: tarehe, kilo, jina la mnunuzi na bei ya kilo. Kiwanda kikubwa hakikubali kupokea mzigo bila kuupima. Kwa nini mkulima akubali kuutoa bila kuupima?

Kampuni nazo zina hoja zao, na ni haki zisikilizwe. Zinasema kumsimamia mwanafunzi kunakula muda wa mtu mwenye mshahara, kuna siri za biashara na kuna hatari ya mashine. Aidha, zinasema tayari zinalipa tozo ya kuendeleza ujuzi. Ni kweli. Mwajiri wa Tanzania Bara mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo hiyo, ambayo ilishuka kutoka asilimia 4 ya mishahara hadi asilimia 3.5 kuanzia Julai 2023, na fedha zake husaidia mafunzo ya ufundi na mikopo ya wanafunzi. Lakini tozo huingia kwenye mfuko wa serikali, na mfuko haumfundishi mtu kusoma mizani. Kazi hiyo inaweza kufanywa na yule tu mwenye mizani.

Wazee wa soko watakumbuka enzi za mashirika ya umma, ambapo mwenye kiwanda na mwenye chuo alikuwa mmoja, yaani serikali. Ubinafsishaji wa miaka ya 1990 ulikata kamba hiyo. Mwenye kiwanda sasa ni mwenye hisa, na baadhi ya wenye hisa ni wasomaji wa ukurasa huu. Tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza biashara mwaka 1998, Watanzania wa kawaida wamenunua hisa za Kampuni ya Bia mwaka huo huo, Saruji ya Twiga mwaka 2006, NMB mwaka 2008, CRDB mwaka 2009 na Vodacom mwaka 2017. Hatusemi kampuni hizo ndizo zenye kasoro tuliyoieleza. Tunasema mwenye hisa chache ana haki ya kuhudhuria mkutano mkuu wa mwaka na kuuliza, asiende kusikiliza habari za gawio peke yake. Maswali yenyewe ni matatu: mwaka huu tumepokea wanafunzi wangapi, nani alipangiwa kuwafundisha, na wangapi tumewaajiri baadaye? Kampuni inayojua majibu inajua pia itapata wapi wahasibu na mafundi wake wa kesho, na hilo linamhusu mwekezaji moja kwa moja.

Kuuliza hesabu si utovu wa adabu. Wapare walipoletewa kodi ya mbiru katika miaka ya 1940, sehemu kubwa ya malalamiko yao ilikuwa namna kila mtu alivyokadiriwa. Walikwenda Same kwa maelfu kudai waeleweshwe.

Wafanyabiashara wa Gonja, Maore na Ndungu nao wasikae pembeni. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga, mwenye ghala, chama cha ushirika na chama cha kuweka na kukopa, wote wana vitabu vinavyohitaji jicho la pili. Kumpokea mwanafunzi mmoja kwa wiki nane, ukampa chakula cha mchana na nauli, ni gharama ndogo kuliko hasara ya stoo isiyohesabiwa mwaka mzima. Naye mzazi hatalazimika kuuza magunia wakati mbaya ili kumpeleka mtoto Dar es Salaam.

Kwa mzazi ambaye mwanawe ameshapata barua ya kampuni kubwa, ushauri wetu ni mfupi. Kijana aombe mapema, kwa heshima na kwa maandishi, ratiba ya wiki nane: atakaa idara ipi, chini ya nani, na atatakiwa kujua nini mwishoni. Kila Ijumaa aandike alichojifunza. Ikifika Ijumaa ya pili bado anatoa kopi tu, amwombe msimamizi ampeleke getini, ghalani au kwenye mizani, na mwalimu wake wa chuo aarifiwe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wiki nane za mwanafunzi nazo ni mali.