Pikipiki ya Mbio Katika Safari ya Mbali

Pikipiki ya mbio imeundwa ili mpandaji ainame: usukani u chini, vikanyagio viko nyuma, na uzito wa kiwiliwili huangukia viganja. Katika uwanja wa mashindano upepo wa kasi hukiinua kifua chake. Lakini atokaye Gishubi kwenda Muyinga, kwa kupitia milima ya Gitega na Karuzi, huenda polepole, na upepo huo haupati. Ndipo viganja hufa ganzi, hasa katika miteremko.

Dawa yake ni kuuinua usukani. Sentimita 2 au 3 zaweza kuleta nafuu kubwa. Fundi akimaliza, usimlipe kwanza! Washa injini bila kutia gia, ugeuze usukani kulia hadi mwisho, kisha kushoto. Ngurumo ikipanda yenyewe, waya wa mafuta umevutwa. Na mpira wa breki ukikaza, waweza kupasuka mteremkoni: utafutwe mrefu zaidi, ama usukani urudishwe chini.

Kiti kigumu ni jambo dogo. Ngozi ya kondoo yenye manyoya yake yatosha. Sponji nene mno humnyanyua mpandaji, na viganja hurudishiwa mzigo uleule.