Mali ya Mchuuzi Nayo Ni Mali

Mwaka 1971 Tume ya Ndegwa ilipendekeza kwamba watumishi wa umma waruhusiwe kufanya biashara za kando, na Serikali ikakubali. Tangu hapo bwana mkubwa wa ofisi aliweza kumiliki duka, basi na shamba huku akipokea mshahara, wala hapakuwa na askari wa kumwuliza. Lakini karani wa chini akinunua mashati sita Gikomba na kuyatandaza kando ya njia jioni ili apate karo ya mwanawe, hukimbizwa kama mwizi. Wote wawili wanatafuta kipato cha ziada. Kilichowatenganisha mbele ya sheria ni kimo chao tu.

Ndugu msomaji, watu hawaendi kuchuuza kwa kupenda jua. Mnamo 1993 bei zilipanda kwa karibu asilimia 46, na mwaka huohuo mpango wa kupunguza watumishi wa Serikali ukaanzishwa; wengi walioachishwa kazi waliishia sokoni. Mwaka 2020 uchumi ulinywea kwa sababu ya korona, na kuanzia Machi hadi Agosti uagizaji wa mitumba ukapigwa marufuku, wakati ambapo riziki hiyo ilihitajika zaidi. Kisha yakaja makato: ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara kabla ya kodi. Na kuanzia Oktoba 2024, bima ya afya ya jamii, asilimia 2.75. Si ajabu basi kwamba mwalimu hubeba viatu mkobani na kuwauzia walimu wenzake kwa ahadi ya kulipwa mwisho wa mwezi.

Kazi yenyewe haina siri. Anayenunua belo zima hulifungua bila kujua kilichomo. Nguo bora, zile ziitwazo kamera, hugombaniwa alfajiri. Zilizobaki huishia fagia, kwa bei ya kutupa. Mchuuzi mdogo hana fedha za belo. Huchagua vipande vichache, akavifua, akavipiga pasi, akavipeleka kwa mnunuzi asiye na wakati wa kufika Gikomba. Faida yake imo katika jicho na miguu yake. Tuchukue mfano. Ametia shilingi 2,000, akauza kwa shilingi 2,600, akatoa 200 za nauli. Amebaki na 400. Akinyang'anywa bidhaa zote mara moja tu, amepoteza faida ya siku tano za namna hiyo, na mara nyingi mtaji wenyewe ulikuwa mkopo wa chama, ambao wanachama wanaungoja Jumapili.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Tunapozungumza juu ya wachuuzi, maneno huwa ya leseni na usafi wa mji. Ni nadra kuulizwa: bidhaa zilizorushwa nyuma ya lori zilikwenda wapi? Katika kazi yangu ya uwakili niliwahi kumtetea mama aliyeshtakiwa kwa kuuza bila leseni katika mji mmoja wa nchi hii. Alilipa faini. Nilipoomba arudishiwe nguo zake, hapakuwa na daftari, wala orodha, wala stakabadhi. Hata jina la aliyezichukua halikupatikana. Faini ilikuwa adhabu ya mahakama. Kupotea kwa nguo kulikuwa adhabu ya nani?

Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 kinalinda mali, na hakikusema kwamba mali ni jumba na shamba peke yake. Kifungu cha 47 kinaidai Serikali itende kwa haki na kwa utaratibu, na mtu ambaye haki yake imeguswa apewe sababu kwa maandishi. Kifungu cha 49 kinakataza kumweka mtu rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Sheria ya Uzururaji, urithi wa mkoloni, ilifutwa katika mageuzi ya 1997. Na Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa maoni kwamba sheria za aina hiyo zinakwenda kinyume cha Mkataba wa Afrika. Tumeifuta sheria, lakini tabia yake tumeiacha ikipanda lori kila asubuhi.

Mwenye duka ana malalamiko ya haki. Hulipa kodi ya pango na leseni, kisha mlango wake huzibwa na mwenye kuuza bidhaa zilezile. Njia nazo ni za waendao kwa miguu. Katiba imezipa serikali za kaunti mamlaka juu ya masoko na leseni. Basi na ziyatumie: zitenge mahali na saa, zitoze ada inayolingana na mtaji wa shilingi 2,000. Sipingi utaratibu. Napinga unyang'anyi uliovaa sare.

Wakongwe wa mageuzi wanakumbuka Mei 1990, majuma machache kabla ya Saba Saba, askari wa Tume ya Jiji walipobomoa Muoroto, na wakazi pamoja na wachuuzi wakapambana nao. Tuliambiwa kwamba vyama vingi vingeondoa ukatili wa namna hiyo. Tarehe 17 Juni 2025 kijana aliyekuwa akiuza barakoa katikati ya Nairobi alipigwa risasi na polisi kwa karibu sana; akafariki tarehe 30 mwezi huohuo. Alikuwa kazini.

Mabunge ya kaunti yapitishe sheria ndogo yenye masharti machache: bidhaa zisichukuliwe bila orodha ya nakala mbili yenye jina na nambari ya askari, vyakula vibichi virudishwe siku hiyohiyo, vitu vingine virudishwe faini ikishalipwa, na kitakachopotea, kaunti ikilipe. Kabla ya hapo, mchuuzi aliyekamatwa na adai stakabadhi papo hapo. Akinyimwa, aandike nambari ya gari, saa, na majina ya mashahidi wawili, kisha awasilishe dai lake kaunti kwa maandishi na kubaki na nakala iliyopigwa muhuri.