Chumba cha mitambo ya samaki kisiwe siri ya baba

Saa nane usiku, katika nyumba moja ya Kimara, Dar es Salaam, feni ilisimama na giza likaingia. Uniti za LUKU zilikuwa zimeisha. Mama wa nyumba hiyo hakushtuka. Alichukua simu, akanunua umeme, na tokeni yenye tarakimu 20 ikaingia kwa ujumbe mfupi.

Akiwa peku, alipapasa ukuta hadi ilipo rimoti ya LUKU karibu na sebule, akaanza kuingiza namba. Alipofika tarakimu ya kumi na mbili alihisi baridi miguuni. Sakafu ilikuwa na maji.

“Mama, usiwashe umeme!” Sauti ilikuwa ya mtoto wake wa miaka tisa, aliyesimama mlangoni mwa stoo na tochi mkononi. “Ekstensheni ya baba imezama.”

Stoo hiyo haikuwa na magunia wala mabegi tena. Baba wa familia, aliyekuwa safarini Mwanza usiku huo, aliigeuza kuwa chumba cha mitambo ya tangi la samaki wa baharini. Tangi lenyewe lipo sebuleni, limeegemezwa kwenye ukuta unaotenganisha vyumba hivyo viwili, na mabomba yanapita ukutani. Pampu, kichujio, ndoo za chumvi na nyaya zote zipo stoo. Alijenga kila kitu kwa mikono yake, kwa miezi mitano, na wageni wote hulisifia tangi lile.

Lakini usiku ule aliyejua swichi ipi inazima nini alikuwa mbali. Mama hakuwahi kuonyeshwa. Mtoto alijua jambo moja tu, alilolisikia Jumamosi moja alipokuwa akimshikia baba yake bisibisi: maji ya chumvi na umeme havikai pamoja.

Mama alirudi nyuma, akapita upande mkavu na kuzima mein swichi. Kisha akampigia mumewe. Swali la kwanza la baba lilikuwa, “Samaki wako hai?”

Mama alinyamaza kidogo. “Sisi tuko hai,” akajibu.

Maji yalitoka wapi?

Tangi la samaki wa baharini kwa kawaida huwa ni matangi mawili. La juu ndilo linaloonekana. La chini, lililofichwa, hupokea maji yanayomwagika kutoka juu, huyasafisha, kisha pampu huyarudisha. Mzunguko huo haupaswi kusimama.

Pampu inaposimama, maji ya juu huendelea kushuka. Mbaya zaidi, bomba la kurudishia maji huweza kuyavuta kinyume, kama mtu anavyonyonya mafuta kwa mpira kutoka kwenye dumu. Yataendelea kushuka hadi mdomo wa bomba uingize hewa.

Hesabu yake si ngumu. Tangi la familia hii lina urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 50. Kila sentimita moja ya maji inayoshuka ni lita 6. Mdomo wa bomba ulikuwa umezama sentimita 12, hivyo lita 72 zilishuka. Tangi la chini lilikuwa na nafasi ya lita 25 tu. Zilizobaki, lita 47, ambazo ni zaidi ya ndoo mbili kubwa, zikaenda sakafuni, ilipokuwa imelazwa ekstensheni.

Baba alikuwa ametoboa tundu dogo kwenye bomba, chini kidogo ya usawa wa maji, ili liingize hewa mapema na kukata mvuto huo. Ni njia sahihi. Ila tundu lilikuwa limezibwa na mwani na chumvi iliyoganda. Hakuna aliyelisafisha tangu lilipotobolewa.

Dawa ni mbili. Kwanza, tangi la chini liachiwe nafasi ya kupokea maji yote yatakayoshuka hata tundu likiziba. Pili, mzunguko ujaribiwe mchana kweupe: pampu izimwe makusudi, familia isimame itazame maji yanaishia wapi. Kisha mstari uchorwe kwa kalamu kwenye tangi la chini, kuonyesha kiwango ambacho maji hayapaswi kukipita siku za kawaida.

Umeme kwanza, samaki baadaye

Maji ya bahari hupitisha umeme kwa urahisi kuliko maji ya bomba. Kwa hiyo katika chumba kama hiki fundi umeme aliyesomea kazi ndiye mtu wa kwanza kuitwa, hata kama mwenye nyumba ni hodari wa kujenga stendi na kuunga mabomba.

Mambo anayopaswa kuyafanya yanajulikana. Afunge kifaa ambacho mafundi hukiita RCD, kinachokata umeme mara unapovuja. Cha kulinda mtu huwa cha miliampia 30. Kina kitufe cha kujaribia, na familia ikibonyeze kila mwezi kuona kama kinakata. Soketi ziwe juu ukutani, pembeni ya matangi, si chini wala moja kwa moja juu ya maji. Kila waya uachwe uning’inie chini ya soketi kabla ya kupanda kwenye plagi, ili tone linaloteremka na waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi.

Ekstensheni kulala sakafuni ni marufuku. Na kabla ya mkono kuingia kwenye maji, vifaa vilivyomo vizimwe na plagi zichomolewe kwa mkono mkavu.

Uzito na unyevu

Lita moja ya maji ni kilo moja, na ya bahari huzidi kidogo. Tangi la lita 300 hupita kilo 300 kabla ya kuhesabu kioo, mawe na mchanga. Stendi inayoyumba kidogo leo inaweza kupasua kioo kesho, au kumwangukia mtoto anayeipanda ili aone vizuri. Stendi isimame sawasawa, na mtoto apewe kigoda chake pembeni.

Maji nayo hukauka mchana na usiku. Mvuke ukikosa pa kutokea, kuta za stoo huota kuvu, na kuvu ni adui wa mtoto mwenye pumu. Feni ya kutoa hewa nje si anasa. Kwenye joto la Pwani husaidia pia kupunguza joto la mitambo, kwa kuwa maji ya tangi yanatakiwa yabaki kati ya nyuzijoto 24 na 27.

Kazi za kila siku

Kinachokauka ni maji tu, chumvi hubaki. Kwa hiyo maji yanayoongezwa kila siku ni yasiyo na chumvi, yaliyochujwa. Anayeongeza ya chumvi kila yanapopungua huwakaanga samaki polepole, kwa sababu ukali wa chumvi unapanda.

Maji ya chumvi hutumika wakati wa kubadilisha sehemu ya maji ya zamani, kwa mfano lita 30 kati ya 300 kila wiki moja au mbili. Huandaliwa kwenye ndoo ya pembeni kwa chumvi maalumu ya matangi, takriban gramu 35 kwa lita, yakakorogwa na kupimwa hadi kipimo kisome karibu 1.025. Chumvi ya kupikia haifai. Haina madini mengine ambayo bahari inayo.

Mtoto anayeomba samaki waletwe siku tangi linapojazwa aambiwe ukweli. Bakteria wanaogeuza uchafu wenye sumu kuwa usiodhuru sana huchukua kama wiki 4 hadi 6 kujijenga. Anayelilia samaki wa machungwa wenye mistari myeupe baada ya kuona filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003 naye aambiwe hivyo, la sivyo samaki wanaweza kufa ndani ya siku chache.

Asiyoyagusa mtoto

Chumba kiwe na komeo la juu. Mtoto anaweza kusoma kipimajoto, kuhesabu samaki na kuandika kwenye daftari. Hagusi plagi, hachanganyi dawa za kupimia maji, wala hatumbukizi mkono wenye kidonda. Kuna bakteria wa maji ya matangi wanaoingia kupitia mikwaruzo na kusababisha vinundu vya ngozi vinavyochukua muda mrefu kupona. Mtu mzima naye avae glavu.

Mawe na matumbawe yasichemshwe wala kusuguliwa ndani ya nyumba. Baadhi hubeba sumu kali iitwayo palitoksini, inayoweza kuvutwa kwa pumzi. Mwaka 2018, huko Steventon, Uingereza, watu 10 walifikishwa hospitalini baada ya matumbawe ya tangi la nyumbani kutoa sumu hiyo. Anayetaka kuokota chochote ufukweni kwa ajili ya tangi aulize kwanza ofisi ya uvuvi.

Karatasi mlangoni

Usiku ule wa Kimara, mama na mtoto walikaa na jagi hadi alfajiri. Umeme ukiwa umezimwa, walichota maji ya tangi la juu na kuyamimina tena kutoka juu, ili yapate hewa. Samaki watatu walipona. Mmoja, mdogo kuliko wote, walimkuta amelala mchangani. Mtoto alilia, mama akamwacha alie.

Baba aliporudi hakuanza na pampu. Alimwita fundi umeme, kisha akaomba radhi kwa swali lake la kwanza. Mkewe alimwambia radhi ameipokea, ila anataka kufundishwa.

Sasa mlangoni mwa stoo kuna karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Umeme ukikatika: usiingie peku. Zima swichi ya stoo kabla ya kuingiza tokeni. Mulika sakafu. Pakiwa pakavu, washa pampu ndogo ya hewa ya betri. Pakiwa na maji, zima mein swichi na uite fundi. Chini kuna namba ya simu ya fundi.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mama huzima pampu, mtoto hutazama mstari wa kalamu, na baba husafisha lile tundu kwa kijiti. Wote watatu hutia saini kwenye daftari.

Mwezi uliopita baba alisafiri tena. Usiku wa pili LUKU iliisha. Alipopiga simu asubuhi aliuliza, “Mmelala salama?”

“Tumelala,” mama akajibu. “Maji yaliishia kwenye mstari.”