Likizo Kisiwani: Twende Idjwi



Likizo kubwa ya Julai na Agosti inapokaribia, wanafunzi wetu wa Nyangezi huanza kuulizana watakwenda wapi. Vitabuni wamesoma habari za Unguja na Lamu, mchanga mweupe na minazi, nao hudhani kwamba kupumzika kisiwani ni jambo la matajiri wa nchi za mbali. Twawajibu hivi: bahari hatuna, lakini kisiwa tunacho. Kutoka Nyangezi hadi Bukavu ni kilometa zipatazo 25 tu, na chombo kikishaondoka Bukavu, baada ya saa chache mtu hukanyaga Idjwi.

Kisiwa chenyewe

Idjwi ina urefu wa kilometa 40 hivi. Katika visiwa vyote vilivyomo ndani ya maziwa ya Afrika, chaipita Ukerewe peke yake, kisiwa cha ziwa Victoria katika Tanzania. Ziwa Kivu limelala mita 1,460 hivi juu ya bahari, na penye kina kikubwa huzidi mita 470. Zamani sana maji yake yalielekea kaskazini, upande wa Nili. Milima ya moto ya Virunga ikaja kuziba njia, na ndiyo sababu leo yatoka Bukavu kwa mto Ruzizi na kushuka mpaka Tanganyika.

Wenyeji wengi ni Wahavu. Usultani ni wawili: Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini. Mwaka 1910 Wajerumani na Wabelgiji walipopatana juu ya mipaka, Idjwi ilihesabiwa upande wa Kongo. Mwaka 1914 Wajerumani wakaiteka, na mwaka 1916 Wabelgiji wakairudisha. Mwanafunzi apendaye historia aketi na wazee jioni, asikilize. Atarudi na mengi yasiyomo katika daftari lake.

Mambo ya kutazama na ya kutenda

La kwanza ni wavuvi. Jua likishatua hutoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, nyavu katikati, taa zikiwaka juu ya maji, nao hupiga makasia kwa nyimbo. Huvua sambaza, wale samaki wadogo ambao kila mama wa Bukavu awajua. Hata hivyo, sambaza si wazaliwa wa ziwa letu: waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio kitoweo cha maskini na tajiri. Amkeni alfajiri mshuke pwani mitumbwi irudipo; hapo mtawanunua wabichi kabisa.

La pili ni kutembea. Mgongo wa kisiwa una vilima vipitavyo mita 2,000 juu ya bahari. Njia hupita kati ya migomba, mibuni na mashamba ya mananasi, na jicho hufika mbali: mashariki Rwanda, magharibi milima ya Kalehe, kaskazini Nyiragongo, uliotema moto mwaka 2002 na tena 2021. Wakati wa kiangazi vumbi na moshi huficha milima, basi heri kupanda asubuhi na mapema. Chukueni na sweta, kwa maana usiku una baridi.

La tatu ni kuoga ziwani. Hapa hatuna mamba wala kiboko wa kuogopwa, lakini tusidhani maji hayana hatari. Chini kabisa ziwa limebeba gesi nyingi. Ng'ambo ya Rwanda hutolewa methani ya kutengenezea umeme. Upande wa Goma na Sake kuna mazuku, yaani gesi nzito isiyo rangi, itokayo ardhini na kutuama mabondeni na kando ya maji, nayo huua mtu kimya kimya. Kwa hiyo, kila pwani mfikayo, ulizeni wenyeji kwanza mahali wanapoogesha watoto wao, nanyi ogeni hapo hapo.

Juu ya safari yenyewe

Hapa twaomba akina baba na akina mama wasome polepole. Mwezi wa Aprili 2019 chombo kilizama katika ziwa hili, na watu wengi wakapotea. Tarehe 3 Oktoba 2024 chombo kingine, kilichotoka Minova, kilipinduka karibu kabisa na gati la Kituku huko Goma, watu wa pwani wakitazama. Wakafa makumi ya watu. Vita vilikuwa vimekata barabara, abiria wakasongamana majini, na chombo kikajaa kupita kiasi.

Tufahamu jinsi msiba wa namna hii utokeavyo. Mzigo ukizidi, ubavu wa chombo hukaribia maji. Likija wimbi moja, watu huogopa, husimama, hukimbilia upande mmoja. Basi chombo chalala, na hakiinuki tena.

Wengi huyajua hayo, na bado hupanda. Kwa nini? Kwa sababu mfukoni wamebakiwa na nauli tu, hawana fedha ya kulala mjini wangoje chombo cha kesho. Ndiyo maana shauri letu la kwanza si juu ya chombo, bali juu ya mfuko. Kabla ya kutoka nyumbani, tengeni fedha ya usiku mmoja wa kungoja, ya kwenda na ya kurudi, wala msiiguse kwa jambo lingine. Ikiwa hamwezi kuipata, punguzeni siku za likizo. Mzazi mwenye fedha hiyo aweza kusema, «Chombo hiki kimejaa, hatupandi,» hata watoto wakilia. Asiye nayo hawezi.

Mengine ni mafupi. Safirini mchana. Kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha, na la mtoto limtoshe mtoto, kwa maana likiwa kubwa atachomoka chini yake. Upepo ukichafuka, ngojeni. Tena, tangu vita vilipofika Bukavu mwezi wa Februari 2025, twajua kwamba njia iliyo wazi leo yaweza kufungwa kesho. Ulizeni bandarini kwanza, ndipo mfunge mizigo.

Adabu ya mgeni

Vita vilivyoanza mwaka 1996 havikuiumiza Idjwi kama vilivyoumiza nchi kavu, na wakimbizi wengi walipata kupumua huko. Lakini watu ni wengi, na mashamba ni madogo. Basi lipeni nanasi na samaki kwa bei ya haki. Msione fahari kumshinda mama mwenye kikapu kwa faranga chache. Wako pia Wambuti, ambao zamani waliishi msituni na leo wengi wao hawana ardhi. Kwao nunueni vyungu, wasalimuni kama msalimuvyo wengine, wala msiwapige picha kama wanyama wa kutazamwa.

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kijana atakayepokewa nyumbani kwa jamaa asilale mpaka jua la saa tatu. Achote maji, amenye ndizi, asaidie kukausha sambaza. Atapumzika vema zaidi, na mwakani wenyeji wake watamwita wenyewe.

Safari njema, na mrudi nyote.