Nguvu za Mwili na Siku ya Mapumziko



Wako wasemao kwamba mchukuzi wa magunia hapa Nakuru hana haja ya mazoezi. Kazi yake yamtosha. Sivyo. Kazi hutumia viungo vile vile kila siku, hata mgongo ukachakaa kabla ya wakati wake. Mazoezi huongeza uzito kidogo kidogo, kisha huuachia mwili nafasi ya kupona, na katika kupona ndipo nguvu zijapo.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya misuli angalau siku 2 kwa juma. Gharama hakuna. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20 (akina mama wachotao maji wajua kuliko sisi). Anza na lita 5. Mji wetu ulimtoa bondia Philip Waruinge, aliyepata medali ya fedha Munich mwaka 1972. Sisi hatutaki ngumi, twataka kufika pensheni tukiwa wima.

Lakini afanyaye ovataimu siku zote 7 atapona lini? Sheria ya Ajira ya 2007 yampa kila mfanya kazi angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7. Anyimwaye siku hiyo na amwarifu mwakilishi wake kabla ya mkutano ujao wa halmashauri.