Riwaya ya Wafu na Kiburi cha Wasomaji

Nimeulizwa, tena zaidi ya mara moja, na kwa sauti ya mtu anayemhurumia mgonjwa, imekuwaje mimi niliyemaliza ujana wangu katika kupima mizani za watu wa kale nikakaa kitako kusoma Dawn of the Dead, riwaya ya George A. Romero na Susanna Sparrow iliyoandikwa kutokana na filamu ya zombi ya mwaka 1978. Swali hilo lina dharau mbili ndani yake. Moja ni kwamba zombi ni mambo ya vijana wasio na kazi. Nyingine ni kwamba kitabu kilichozaliwa na filamu ni makapi, kwa kuwa kitabu halali ndicho kizaacho filamu, wala hakizaliwi nayo.

Nianze na hii ya pili, maana ni nyepesi kuivunja. Tangu lini fasihi yetu ikaona haya kuihamisha hadithi kutoka chombo hiki kwenda kile? Utendi wa Tambuka, unaonasibishwa na Mwengo wa Athumani wa Pate, mwaka 1728, umesimama juu ya masimulizi ya Kiarabu ya vita vya zama za Mtume. Shaaban Robert alipotupa Omar Khayyam kwa Kiswahili mwaka 1952, aliifasiri kutoka Kiingereza cha FitzGerald, nacho kilitokana na Kiajemi. Maji yamepita mitungi mitatu, na sijamsikia mtu akilalamika kuwa yana ladha ya udongo. Huko Uingereza nako, Graham Greene aliiandika The Third Man kwanza kama hadithi ili apate kuitengenezea muswada wa filamu ya 1949, na hadithi ikachapishwa mwaka uliofuata. Arthur C. Clarke aliandika 2001: A Space Odyssey huku filamu yenyewe ikipikwa jikoni, vikatoka vyote viwili mwaka 1968. Hao hawaulizwi nani kamzaa nani.

Tena tukumbuke vitabu hivi viliandikwa kwa haja gani. Kabla ya kanda za video kuingia majumbani, filamu ilipita mjini kama jahazi la msimu, ukiikosa, umeikosa. Kitabu cha bei ndogo ndicho kilichokuwa kumbukumbu pekee ambayo mtu wa kawaida aliweza kuiweka chini ya mto. Mara nyingi mwandishi alipewa muswada kabla filamu haijakatwa na kuungwa, ndiyo maana huweza kukuta ndani yake mambo ambayo mwongozaji aliyatupa. Sikatai kwamba mengi ya makaratasi hayo ni mabovu, na kwamba jina la jaladani si kila mara ndilo lililoshika kalamu: riwaya ya Star Wars ya 1976 ilitoka kwa jina la George Lucas, ilhali aliyeiandika ni Alan Dean Foster. Lakini ubovu wa wengi si hukumu ya wote. Tungehukumu hivyo, ni diwani ngapi zetu zingebaki rafuni?

Ama hiyo dharau ya kwanza, ndiyo inayonikera, maana inatoka kwa watu wasiojua wanachokidharau. Zombi ametoka Haiti. Huko alikuwa mtu aliyetolewa kaburini kwa uchawi akafanye kazi shambani kwa bwana wake, usiku na mchana, bila ujira wala ulimi. Hofu hiyo ni ya watu waliotoka utumwani, waliokuwa wakiulizana ikiwa hata mauti yenyewe yana uwezo wa kumwachisha mtumwa kazi. Wamarekani waliipata habari hiyo zaidi kwa kitabu cha William Seabrook cha 1929, na katika filamu ya White Zombie ya 1932 wafu wanaonekana wakisukuma mtambo wa kusagia miwa. Watu wa bara, Tanzania, wanamjua nduguye: msukule, anayelizwa na jamaa zake na kuzikwa, kumbe (ndivyo isemwavyo) yuko shambani kwa mchawi analima. Nani atamwambia mzawa wa visiwa vilivyolimiwa karafuu na watumwa kwamba hadithi hii haimhusu?

Romero, katika Night of the Living Dead ya mwaka 1968, alimwondoa bwana. Wafu wake hawatumwi na mtu; wameinuka tu na wana njaa. Wala neno zombi halitamkwi mle ndani. Wanaitwa kwa neno la Kiingereza lililotokana na ghul la Kiarabu, lile jinamizi la jangwani linalokula maiti. Na katika filamu ile ile unasikika mwito wa serikali kwa njia ya televisheni: maiti zichomwe upesi, wafiwa waache mazishi. Katika ile ya 1978 jambo hilo linafunguliwa tangu mwanzo. Askari wanavamia jengo la mafukara, wengi wao Wapuertoriko na watu weusi, huko Philadelphia, kwa sababu wenyeji wamekataa kuwatoa wafu wao. Wamewaficha ghorofa ya chini. Kasisi mzee mwenye mguu mmoja amekwisha kuwasomea. Roger, askari mzungu, anashangaa kwa nini watu wawaweke maiti hatari kiasi hicho. Peter, askari mweusi, anamjibu kwamba ni kwa kuwa bado wanaamini kifo kina heshima yake.

Mtu wa pwani akilisoma hilo na asisimame, basi hajawahi kushika ncha ya jeneza. Kuosha, kukafini, kusalia na kuzika ni haki ya maiti juu ya walio hai. Na hapa pamewekwa swali la mwenye dhiki: haki hiyo inadumu mpaka lini, maiti akigeuka kuwa adui? Mwaka 2020, maradhi ya Uviko-19 yalipoenea, swali hilo lilitoka katika filamu likaingia katika sheria. Sri Lanka iliamuru kila aliyefariki kwa maradhi hayo achomwe, Waislamu nao wakachomewa jamaa zao, na amri haikuondolewa ila Februari 2021. Mambo ya vijana wasio na kazi!

Sasa niwageukie wa upande wa pili, maana nao wamo, nao wananipenda kwa makosa. Hawa ni wale wanaokisifu kitabu kwa kuwa ati kinaeleza yote ambayo filamu iliyaacha gizani. Kwao hiyo ndiyo faida, na kwangu ndiyo hasara kubwa.

Kwa asiyeijua hadithi: watu wanne, Peter na Roger, pamoja na Stephen rubani na Fran mchumba wake mjamzito, wanakimbia kwa helikopta na kutua juu ya paa la jengo kubwa la maduka. Jengo hilo ni la kweli, liko Monroeville karibu na Pittsburgh, na filamu ilipigwa humo usiku baada ya wateja kuondoka. Wanaziba milango kwa malori, wanawaua wafu walio ndani, wanakaa humo na kila bidhaa ya dunia. Nje, wafu wanagonga vioo wakitaka kuingia. Wanaongozwa na kumbukumbu fulani iliyobaki ya mahali palipokuwa muhimu katika maisha yao. Filamu inalisema hili kwa sentensi chache, kisha inaziba mdomo na kutuachia macho: muziki laini wa madukani unaendelea kupigwa, ngazi za umeme zinapanda na kushuka, chemchemi inamwaga maji, na wafu wanajikwaa na kuanguka kama wanunuzi siku ya sikukuu. Unacheka huku koo limekukauka. Vyote viwili vinakupata kwa mpigo mmoja.

Nathari haina mpigo huo. Nathari hupanga foleni. Lazima nikwambie muziki kwanza, kisha mfu, au mfu kwanza, kisha muziki, na nitakapofika kwenye cha pili kile cha kwanza kimekwisha kupoa. Hilo silo kosa la Sparrow wala Romero. Ni tabia ya chombo. Kosa lao ni kujaribu kuziba pengo hilo kwa maelezo. Kila anayeguswa na kalamu yao hupewa papo hapo hofu yake, majuto yake, na fikra za nyuma ya fikra zake, mpaka msomaji hana la kufanya ila kupokea.

Tazama kisa kimoja tu. Ndani ya filamu, Fran ameketi chini upande huu wa mlango wa kioo, na upande wa pili ameketi mfu aliyevaa jezi ya mchezo. Wanatazamana. Hakuna anayesema. Nimeliona tukio hilo sijui mara ngapi, na kila mara huliona kwa maana nyingine: huruma, au uchovu, au mtu akiangalia kesho yake. Mwandishi afanye nini nalo? Akisema Fran alimwonea huruma, amelivunja. Mshairi angejua la kufanya. Angeeleza kioo, mvuke wa pumzi uliopo upande mmoja na usiokuwepo upande wa pili, akanyamaza.

Huo mtindo wa kueleza tunao sisi wenyewe, tena tunaulipia. Ingia duka lolote la vitabu vya shule ukatazame miongozo ya ushairi: shairi lililomgharimu mtu usingizi limeyeyushwa likawa dhamira, ujumbe, falsafa na msimamo, na mwanafunzi anafaulu mtihani bila kulisoma shairi lenyewe. Anayeifurahia riwaya ya filamu kwa sababu imemwondolea kazi ya kutazama ni ndugu wa mwanafunzi huyo.

Na Peter? Katika filamu Ken Foree yupo tu, mweusi, mrefu, mtulivu kuliko wenzake, na hakuna anayehitaji kulitaja hilo kwa kila tukio. Ndivyo ilivyokuwa kwa Duane Jones mwaka 1968: muswada haukumtaja Ben kuwa mtu mweusi, filamu haikulisema neno hilo hata mara moja, na alipopigwa risasi mwishoni na genge la raia wenye bunduki, mtazamaji wa Marekani ya mwaka ule aliouawa Martin Luther King hakuhitaji mkalimani. Picha yaweza kuonesha bila kusema. Kalamu haiwezi: mwandishi akiitaja rangi, ameinyooshea kidole, asipoitaja, imefutika.

Walakin sikukitupa kitabu, na sitakitupa. Wafu wa filamu ile, Mola amrehemu msomaji asiye na subira, wana sura ya buluu. Tom Savini aliwapaka rangi ya kijivu, kamera ikaigeuza buluu, na damu yake ni nyekundu kama rangi ya mlango mpya. Kitabuni mfu hana rangi ya mtu mwingine. Nilimpaka mimi, na niliyempaka alikuwa na uso ninaoujua. Isitoshe, ile miezi ya kukaa katika jengo, ambayo filamu inaipitisha kwa picha chache za watu wakijivisha makoti ya manyoya na kuhesabu fedha zisizo na kazi, katika kitabu ina uzito wa muda. Kuchoka kwa mtu aliyeshiba ni jambo ambalo nathari inalijua kuliko kamera.

Limebaki neno, na hili ni la wafasiri wenzangu. Rafiki mmoja ananishauri nikiifasiri riwaya hii niwaite misukule, ili msomaji awajue mara moja. Hasha. Msukule ana bwana, na jamaa zake wanaweza kumtafuta mganga wakitumaini kurudishiwa mtu wao. Vizuka nao hawatufai, kwa kuwa kizuka kwetu ni pia mjane aliyekaa eda, na sitaki kumwingiza mjane wa watu katika karamu hii. Hawa wa Monroeville hawana bwana, hawana mganga, na wanaowagonga vioo walikuwa majirani zao. Nimewaacha zombi katika kurasa nilizokwisha kufasiri, na pale wenyeji wa Philadelphia wanapowataja wale waliofichwa ghorofa ya chini, nimeandika maiti zetu.